Kiwiko cha Evelina na Bia ya Ngano

Wewe uliyeniuliza juzi kwa nini bia yako ya ngano inatoka nyembamba kama maji yaliyooshewa mchele, sogea karibu nikueleze. Na nyinyi wengine mnaosikiliza pembeni, karibuni pia, maana swali hilo nimelijibu mara nyingi hata kwenye ndoto. Nimechoka, nasema bila haya. Miguu yangu ilipanda na kushuka ngazi za chuma za chumba cha kupikia cha kiwanda cha bia kwa miaka thelathini na minne, na sasa magoti hayataki kusikia habari ya ngazi. Sikio la kushoto nililiacha kwenye kelele za mapampu. Siku niliyostaafu niliapa kwamba sitasogelea tena chungu chochote kikubwa kuliko cha wali wa watu wanne. Kiapo hicho kilidumu mpaka Evelina alipopiga hodi nyumbani kwangu, Yombo.

Nitakusimulia habari yake, maana jibu lako limo humo. Lakini kwanza tuelewane kuhusu togwa.

Kama ulilelewa na mama au bibi aliyejua togwa, nusu ya kazi hii unaijua tayari. Bibi anapika uji, anauepua, anauacha upoe kiasi, ndipo anatia kimea, yaani ulezi ulioota, ukakaushwa, ukasagwa. Baada ya muda uji mzito unalegea na kuwa mtamu, na wala hajatia sukari hata kijiko. Muulize kwa nini hatii kimea uji ukiwa bado unatokota jikoni, atakujibu: kitakufa. Ni kweli kabisa. Ndani ya kimea mna wafanyakazi wadogo wasioonekana, wanaokata wanga kuwa sukari. Kila mmoja ana joto lake analolipenda, na joto likimzidi anakufa. Bibi anatumia joto moja, analijua kwa mkono. Sisi wapika bia ya ngano tunapandisha joto kwa awamu: tunasimama hapa mfanyakazi huyu amalize, tunapanda, tunasimama pale mwingine aanze. Kule kiwandani tuliviita vituo.

Neno hilo lilikuwa la Mzee Kondo, aliyenifundisha kazi. Mzee Kondo alikuwa mwenyeji wa Temeke, baba yake na babu yake wa hukohuko, mtu wa swala tano asiyewahi kuonja bia maisha yake yote. Watu walimtania sana. Wakimuuliza, "Mzee, wewe na pombe wapi na wapi?" anawajibu, "Mie napikaga togwa. Mkiivusha mlango ule mkaitia hamira, hayo sasa yenu." Na kweli, mlango wa chumba cha hamira hakuuvuka. Lakini upande wake wa mlango hapakuwa na mtu wa kumfikia. Alionja togwa yetu kwa ncha ya ulimi, akainusa, akachovya kiwiko. Naam, kiwiko. Kiganja cha mpika bia kimeungua mara nyingi mpaka hakina habari, alisema, bali kiwiko hakisemi uongo.

Basi, Evelina. Ni binti wa miaka thelathini hivi, mwalimu wa chekechea, mzaliwa wa Makete ambako baba yake analima ngano. Ameolewa Kigamboni na fundi friji aitwaye Festo. Walinunua mashine ya umeme ya kupikia bia nyumbani, iliyokwisha kutumika: mtungi wa chuma unaong'aa, lita thelathini, na kikapu cha matundu ndani yake cha kuwekea kimea. Chini kuna koili ya kupasha moto. Ubavuni kuna pampu inayonyonya maji chini na kuyarudisha juu kwa mpira, na mbele kuna kioo kidogo chenye tarakimu nyekundu. Unaiambia joto unalotaka, inafika, inalishikilia. Kazi ambayo sisi tulihitaji watu watatu na mvuke, hii inafanywa na kidude cha kimo cha mtoto wa miaka mitano.

Alikuja na chupa mbili ndani ya kikapu cha sokoni.

"Shikamoo babu."

"Marahaba mwanangu. Nani kakuelekeza kwangu?"

"Kila mtu ananiambia kuna babu Yombo anayejua bia mpaka kesho."

"Walikuambia pia kwamba babu huyo amelala?"

Akacheka, lakini macho yake hayakucheka. Akanimiminia. Mie siku hizi sinywi, dawa za presha na bia havielewani, lakini pua yangu ipo. Bia ya ngano iliyopikwa vizuri inanukia ndizi mbivu na karafuu, na inajaza kinywa. Hii ilinukia unga uliolowa. Nikaitikisa glasi, povu likapanda na kufa hapohapo.

"Mara ya ngapi hii?" nikamuuliza.

"Ya pili. Zote hivihivi. Ngano aliyonitumia baba imebaki ya kupika mara moja tu, na kimea chake nimekiotesha mwenyewe, siku tano nakilinda kama mtoto mchanga. Nilimwahidi Krismasi atakunywa bia ya shamba lake. Na Festo kasema hii ya tatu ikienda kombo, mashine anapewa Mama Zuhura."

"Mama Zuhura ni mpika bia?"

"Hapana babu. Ni jirani yetu, anauza chapati maharage. Anaitaka achemshie maharage."

Nikamuuliza swali moja la mwisho, jinsi mashine inavyochemka, maana ukishamaliza vituo na kutoa makapi, togwa lazima ichemke sana saa nzima pamoja na maua machungu ya hopsi. Akasema mashine haichemki vizuri, inatokota kiuvivu tu, vipovu viwili vitatu pembeni. "Imezeeka," akasema. Nami nikasema, "Pengine umeme wa kwenu mdogo." Weka jibu langu hilo akilini. Ni jibu la mtu aliyechoka. Mtu aliyechoka hujibu swali kwa jambo la kwanza linalomjia ili arudi kulala.

Jumamosi nilivuka na pantoni kwenda Kigamboni. Nitakuambia kwa nini nilikwenda na magoti haya, lakini si sasa.

Nilimkuta Evelina ameshapima kila kitu uani: nusu kimea cha ngano, nusu cha shayiri. Nikamuuliza maganda ya mpunga yako wapi. Akashangaa.

"Yale ya kutandazia kuku?"

"Hayohayo. Osha kwa maji ya moto, tupia ndani viganja kadhaa."

Sikiliza sababu yake. Punje ya shayiri ina ganda, na maganda hayo ndiyo chujio letu wakati wa kutoa togwa. Ngano haina ganda. Ikilowa inakuwa gundi. Zamani kiwandani tulipojaribu ngano kwa mara ya kwanza tuliipika bila maganda, na togwa ikagoma kushuka. Tuliingia ndani ya pipa kubwa na makoleo kukwangua uji uliogandamana, watu wanne, kutoka asubuhi mpaka kengele ya chakula cha mchana. Mmoja wetu alipoteza kiatu humo na mpaka leo sijui kilikwenda wapi. Mzee Kondo akatuma mtu mashineni kwa wakoboa mpunga na gunia tupu. Tangu siku ile sijapika ngano bila maganda ya mpunga, na wewe usipike.

Mama Zuhura alikuwa upande wa pili wa ukuta mfupi, kwenye majiko yake mawili ya mkaa. Mwanamke mnene, mchangamfu, sauti yake inavuka ukuta bila kubisha hodi.

"Evelina! Leo mmeleta na mganga?"

"Mwalimu huyu, Mama Zuhura. Mwamkie."

"Shikamoo mzee. Msiliunguze dude langu lakini, mwisho wa mwezi naja na toroli."

"Bado ni dude langu mama, sijafa."

"Sawa, lipikie uji wako wa walevi. Mie nina subira, maharage yamenifundisha."

Tukaanza. Mimi nilikaa kwenye kiti cha plastiki chini ya kivuli cha bati, Evelina akakoroga kimea kidogokidogo kwa mwiko mrefu ili madonge yasifanyike. Nilimwambia akwangue na chini pia kila tunapopandisha joto, kwa sababu unga wa ngano unatulia juu ya koili na kuungua, na harufu ya kuungua haitoki tena, hata uombe msamaha. Pampu akaifungulia taratibu. Pampu ikikimbia sana inakandamiza kimea mpaka kinaziba.

Kituo cha kwanza ni nyuzi arobaini na nne, dakika ishirini. Wavivu wanakiruka. Usikiruke. Pale ndipo kimea kinapoandaa kile ambacho hamira ya bia ya ngano itakigeuza baadaye kuwa harufu ya karafuu. Tarakimu nyekundu zilisoma arobaini na nne kamili, hazipandi wala hazishuki. Nikaziangalia, nikasema moyoni, haya ndiyo maendeleo, nikafumba macho.

Mtoto akalia ndani. Evelina ana binti wa miezi saba, Pendo. Alimchukua, akamfunga mgongoni, akarudi kwenye mashine, na kwa kuwa ni mama aliyetoka kumwogesha mtoto asubuhi ile, alifanya jambo ambalo mwili wake ulilizoea. Aliweka kiwiko chini ya mpira pale togwa inapomwagikia juu. Akakiacha hapo.

"Babu," akasema, "arobaini na nne si ni moto?"

"Ni moto kiasi. Kiwiko kinaomba kutoka."

"Changu hakiombi. Haya ni maji ya Pendo. Ningemtumbukiza hivihivi na angecheka."

Nilifumbua macho. Nikakumbuka maneno ya Mzee Kondo kama aliyekuwa amesimama nyuma ya kiti changu: kiwiko kikitaka kukaa, kituoni hujafika. Nikanyanyuka, nikachovya changu. Kilitaka kukaa.

Sasa aibu yangu hii hapa. Mfukoni mwa shati, nimekifunga ndani ya kitambaa, nilikuwa na kipimajoto cha kioo alichoniachia Mzee Kondo. Nilikichukua nyumbani asubuhi kwa mazoea tu, kama mtu anavyochukua funguo. Kilikuwa mfukoni muda wote, na sikukitoa kwa sababu tarakimu nyekundu zilikuwa zinang'aa vizuri na mimi nilikuwa nimechoka. Nikakitumbukiza. Thelathini na tisa.

"Kipi kinasema kweli?" Evelina akauliza. Kimea cha baba yake chote kilikuwa kimelowa tayari ndani ya mtungi, hakuna kingine, na kisichopikwa siku hiyohiyo kinachacha.

Vipimajoto viwili vikigombana, usichague unachokipenda. Mwite shahidi. Shahidi ni maji yanayochemka, na shahidi wetu alikuwa upande wa pili wa ukuta.

"Mama Zuhura! Una maji yanayochemka?"

"Ya chai, yanaruka mpaka yanamwagika. Kulikoni?"

"Tunaomba tuyapime."

Alicheka mpaka akashika ukuta. "Jamani! Dude la umeme, taa nyekundu, mganga kutoka Yombo, halafu maji yanayochemka mje kwangu!"

Nikasimamisha kipimajoto cha kioo ndani ya sufuria yake, kisiguse chini. Kilipanda taratibu, kikasimama kwenye mia. Kumbe cha Mzee Kondo ni mkweli. Mashine ndiyo inayoongeza tano.

"Evelina, mashine hii aliwauzia nani?"

"Kijana mmoja wa Iringa. Alikuwa anapikia huko, akapata kazi nyingine."

Iringa! Nilianza kucheka, na kicheko kile hakikuwa cha furaha tupu. Maana kosa lile nililijua. Lilikuwa langu.

Nilipokuwa kijana nilianza kazi kwenye tawi letu la bara, mji wa nyanda za juu wenye baridi. Nilikuwa na bidii kupita akili. Nilipohamishiwa Dar nilipewa vipimajoto vitano vya mshale nije navyo, vya kufunga kwenye mapipa mapya yaliyoandaliwa kwa majaribio ya bia ya ngano. Mimi, ili nisifike na vitu vibovu, nikachemsha maji, nikavitumbukiza. Vyote vitano vikasoma tisini na tano. Nikasema, maji yanachemka mia, kila mtoto wa shule anajua, hivi vimeharibika. Nikashika bisibisi, nikavikaza kimoja kimoja mpaka vikasoma mia. Nikavifunga kwa gazeti, nikaja navyo Dar kifua mbele.

Hakuna aliyekuwa ameniambia kwamba kadiri unavyopanda juu, hewa inavyokuwa nyepesi, ndivyo maji yanavyochemka mapema. Kule milimani maji yalichemka kwenye tisini na tano, na vipimajoto vilikuwa vinasema kweli tupu. Mimi ndiye niliyevifundisha uongo.

Ukiacha ile iliyogandamana, tulipika ngano mara tatu Dar. Mara zote ilitoka nyembamba, haina karafuu, haina povu. Mzee Kondo alichovya kiwiko, akaukunja uso, akatazama mshale, akanitazama mimi. Aling'oa kipimajoto kimoja, akanishika mkono mpaka kibandani kwa muuza chai, akakitumbukiza kwenye birika linalochemka. Mshale ukaenda mia na tano.

"Kijana," akaniambia, "chai ya Temeke ina moto kuliko ya dunia nzima?"

Nilieleza kila kitu. Nikamwomba asiseme kwa wakubwa. Akajibu, "Sisemi. Utasema wewe. Kosa akilisema mwenyewe ni kosa moja, likisemwa na mwingine yanakuwa mawili." Nikaenda, nikasema. Sikufukuzwa. Tulivirudisha vipimajoto, tukapika mara ya nne, na Mzee Kondo alinusa togwa ile akatikisa kichwa polepole, kwa kuridhika. Walioionja baada ya hamira walisema hawajawahi kunywa kitu kama kile. Lakini wakubwa walikuwa wameshachoka na ngano. Walisema mara tatu zinatosha. Bia ile haikupikwa tena kiwandani mpaka nikastaafu.

Ndiyo sababu nilivuka maji na magoti mabovu. Nilitaka nione inapikwa tena hata mara moja, na lita thelathini zingetosha.

Nilimsimulia Evelina hayo yote tukiwa tumesimama, yeye anamtikisatikisa mtoto mgongoni, Mama Zuhura ameegemea ukuta, chai yake inakauka. Aliyesema kwanza alikuwa Mama Zuhura.

"Kwa hiyo ndiyo maana dada yangu aliyeolewa Iringa kila siku analalamika maharage hayaivi?"

"Ndiyo hiyo. Yanachemka, lakini kwa joto dogo."

"Na sie tulikuwa tunasema ni mvivu wa kuni! Masikini dada yangu." Kisha akalitazama lile dude kwa jicho jipya. "Na mie lingenichemshia maharage kama ya Iringa."

"Lisingechemsha kabisa, mama. Likifika tisini na tano lenyewe linadhani ni mia, linapunguza moto."

Evelina alikuwa ameshaelewa. Ndiyo maana mashine ilitokota kiuvivu. Koili ilikuwa nzima, umeme ulikuwa wa kutosha, na lile jibu langu la Yombo halikuwa na maana yoyote. Vituo vyake vyote katika mapishi mawili ya kwanza vilikuwa pungufu kwa nyuzi tano: karafuu hazikuandaliwa, kituo kinachobakiza uzito wa kinywani hakikufikiwa, na uchemshaji haukuwa uchemshaji.

"Babu, na hiki kilichomo ndani? Kimeharibika?"

Hapo ndipo penye faraja ya kazi hii, nawe uishike. Ukiwa chini ya kituo hujaharibu kitu, umechelewa tu. Wafanyakazi waliomo wanasubiri. Ukipita juu ndipo unapoua, na aliyekufa harudi. Ndiyo maana nakuambia siku zote kosea chini.

Akabonyeza vitufe mpaka akapata mahali pa kurekebisha kipimo. Pameandikwa: ongeza tano. Yule kijana wa Iringa hakuwa tapeli. Alichemsha maji, akaona tisini na tano, akasema imeharibika. Alikuwa mimi. Evelina akairudisha sifuri, na zile tarakimu nyekundu zikaanguka kutoka arobaini na nne hadi thelathini na tisa. Kisha taratibu zikaanza kupanda. Zilipofika arobaini na nne ya kweli aliweka kiwiko, akakitoa upesi.

"Kinaomba kutoka!" akasema.

"Hapo sasa. Hesabu dakika ishirini."

Tukapanda hamsini na mbili kwa dakika kumi, kupunguza unato wa ngano bila kuliua povu. Pale usikae sana, povu ndilo pambo la bia hii. Tukapanda sitini na tatu, nusu saa na zaidi kidogo, wanga unageuka sukari ambayo hamira itaila. Tukapanda sabini na mbili, ambako inatoka ile sukari isiyoliwa, inayobaki na kujaza kinywa. Pale hatukutazama saa. Nilimtuma Evelina alete iodini, ile dawa ya vidonda. Tone moja la togwa kwenye kisahani cheupe, tone moja la iodini. Likigeuka jeusi, wanga bado upo, subiri. La kwanza lilikuwa jeusi kama wino. La pili zambarau. La tatu likabaki na rangi yake ya njano, na Mama Zuhura, aliyekuwa ameacha wateja wawili wakisubiri, akapiga vigelegele bila kujua anachoshangilia. Tukapandisha sabini na nane kuwalaza wafanyakazi wote, tukainua kikapu, na togwa ikashuka kupitia maganda ya mpunga kwa utulivu, nzito, ina rangi ya asali.

Kisha tukaiambia mashine ichemshe. Safari hii ilichemka mpaka ikafoka, povu likapanda ukingoni, Evelina akapiga kelele, akazima, akawasha, akapuliza. "Kumbe hivi ndivyo inavyochemka!" Nikamwambia asimame hapo saa nzima na asiifunike.

Habari ya hamira niseme kwa ufupi maana nimeshasema mengi. Joto letu la Dar linaifanya hamira ya ngano iwe na wazimu, inatoa harufu ya rangi ya kucha. Iweke kwenye nyuzi ishirini hivi. Festo, kwa kuwa ni fundi friji, alifufua friji moja mbovu bila kuambiwa na mtu. Wewe usiye na Festo, simamisha ndoo ndani ya beseni la maji, ivishe kitambaa kilicholowa, elekeza feni, badilisha chupa za barafu asubuhi na jioni. Na ukitaka kuuza, nenda kwanza ukaulize habari za kibali. Usianze na kesi.

Wiki tatu baadaye sikwenda Kigamboni. Miguu ilikuwa imevimba tangu siku ile. Walikuja wao, Evelina na Festo na mtoto, na chupa moja iliyofungwa kwenye kanga. Festo ndiye aliyemimina, mwenyewe, kwa uangalifu wa mtu anayemimina kitu asichotaka kukikosea. Ilikuwa na ukungu wa njano kama jua la saa moja, povu jeupe, nene, limekaa. Nikaikaribisha puani. Ndizi mbivu kwanza. Halafu, polepole, karafuu.

Sikunywa. Nilinusa tu, kama Mzee Kondo, na nikaishika glasi ile mpaka ikapata joto la mkono.

"Mama Zuhura umemwambia nini?" nikamuuliza Festo.

Akajikuna kichwa. "Nimemwambia anunue sufuria kubwa, babu. Katukana siku nzima. Jioni kaja kuomba makapi ya ngano, eti kuku wake wanayapenda."

Chupa nyingine imeshafungwa kwenye nguo, inasubiri basi la kwenda Makete. Mimi narudi kulala, na safari hii msinigongee kabla hamjafanya ninalowaambia.

Kesho asubuhi, kabla hujagusa kimea, bandika sufuria ya maji safi jikoni. Yakiruka kwelikweli, tumbukiza kipimajoto cha kioo, kisiguse chini, uandike kinachosoma. Ukiwa Dar kitasoma mia; ukiwa milimani kitasoma pungufu, wala usikirekebishe kwa hilo. Kikisoma vingine hapa Dar, hilo ndilo kosa lake, lihesabu kila unapokitumia. Kisha tia maji ya uvuguvugu kwenye mashine, tumbukiza kipimajoto hichohicho, ulinganishe na tarakimu zake. Zikitofautiana, rekebisha mashine. Mwisho weka kiwiko chako, halafu ndipo umwage kimea.